Maji ya Kuoshea Nyama

Kazi yangu ilikuwa kutembeza dume. Upande wetu wa Kanyosha, Bujumbura, karibu kila nyumba yenye kipande cha uwanja nyuma ina nguruwe jike mmoja au wawili, lakini wachache wanafuga dume. Dume anakula sana, ananuka, na hazai. Kwa hiyo jike akianza kulia na kukataa chakula, mtu alikuja kwetu, nami nilimfunga dume wetu kamba mguuni, nikachukua fimbo, tukaenda. Jike akizaa, tulipewa mtoto mmoja wa kuchagua. Hivyo ndivyo mama alivyonilea tangu baba afariki, na mimi nilipomaliza shule ya msingi niliishika kazi hiyo hiyo.

Kwa mtu mwenye haya ni kazi ya mateso. Wanawake waliokaa nje wakichambua maharage waliyaacha maharage mara tu waliponiona na dume.

"Mushenga amefika!" mmoja alipiga kelele. "Bwana arusi ameoga leo?"

"Ameoga kuliko bwana yako," mwenzake alimjibu.

"Angalia dume, iko na wake kartie muzima. Mwenye kumuchunga haiko na hata mumoja!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na kartie, yaani mtaa wote, iliwasikia. Mimi nilikuwa nautazama mgongo wa dume tu, mweupe wenye mabaka meusi, na kuomba aongeze mwendo. Lakini dume hakuwahi kuharakishwa na mtu. Alijua njia zote, alijua kila mlango, na akisikia harufu ya jike hakuna banda lililomzuia. Mara mbili alivunja mbao za banda letu na kwenda mwenyewe, nami nikamkuta ameshafika mahali ambapo hata hatujaitwa.

Mabati ya nyumba yetu yalitoka kwake. Chumvi, sabuni, dawa za mama za kifua, vyote vilitoka kwake. Hatukuwa na kitu kingine.

Mvua zilipokwisha tulianza kusikia kwamba Gatumba nguruwe wanakufa. Redio ilisema ni homa ya nguruwe. Haimshiki mtu, lakini haina dawa wala chanjo, na ikiingia banda moja mara nyingi humaliza banda zima. Tulisikiliza kama tunavyosikiliza habari za mbali. Gatumba iko upande mwingine wa mji, na kati yetu kuna mji mzima.

Jirani yetu wa chini ya barabara alikuwa na jike mwenye mimba kubwa. Mdogo wake wa kiume alifanya kazi jikoni katika baa moja huko Gatumba, na kila alipokuja kumtembelea alimletea ndoo ya mabaki ya chakula kwa ajili ya nguruwe. Siku moja jike yule akaacha kula. Kesho yake masikio yakawa na rangi ya zambarau, akalala kifudifudi, hataki kusimama.

Sasa kwetu kuna desturi, na ni desturi ya wema. Mnyama wa mtu akionekana hataishi, anachinjwa kabla hajafa mwenyewe, na majirani wote wanakuja kuchukua nyama. Hata ambaye hakupanga kula nyama siku hiyo anachukua, ili mwenye mnyama asibaki mikono mitupu. Kukataa ni kama kutokwenda kwenye msiba. Kwa hiyo jirani alichinja, na watu wakapanda na kushuka na sahani. Akabenzi, ndivyo tunavyoiita nyama ya nguruwe, ilinukia karibu kila nyumba jioni ile. Mama naye alichukua sehemu yake.

Baada ya siku chache nguruwe wengine wawili wa jirani yule walikufa. Hapo watu wakaanza kuuliza ugonjwa umepita wapi, na hawakuchukua muda kupata jibu. Jibu lilikuwa na miguu minne, kila mtu alikuwa amemwona akipita.

Aliyesema kwa sauti zaidi alikuwa mzee wa juu ya mlima, mtu mwenye banda kubwa la matofali na majike wengi kuliko sisi wote. Watu walimwita Mutama, yaani mzee, kwa heshima. Alisimama mbele ya nyumba yetu asubuhi, na vijana wake wawili nyuma yake.

"Mama," alimwambia mama yangu, "mi siko na ubaya na weye. Lakini ile dume inaingia kila nyumba kama askari wa kodi. Tuiue leo, tumalize."

"Iko mugonjwa?" mama aliuliza. "Umeiona inalala? Umeiona inakataa kula?"

"Unangoja mpaka ilale?"

Mama alisimama mlangoni mwa banda akashika mbao kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa ndani, karibu na dume, nimeinamisha kichwa. Mwishowe Mutama alikubali kungoja kwa sababu moja tu: daktari wa mifugo wa komine, yaani wa serikali ya mitaa, alikuwa ametumiwa habari, na angefika mchana.

Alikuja kwa pikipiki, mwanamke wa umri wa kati, mwenye buti za plastiki ambazo aliziosha kwa dawa kabla ya kuvuka barabara na akaziosha tena baada ya kuvuka. Tulimwita dogiteri. Alikwenda kwa jirani wa chini, akatazama mizoga, akachukua damu, akaamuru wazikwe ndani ya shimo refu na chokaa juu. Kisha akatukusanya kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya Mutama, nje ya ua, kila nyumba mtu wake.

"Mi nadhani ni homa ya nguruwe," alisema. "Maabara itasema. Lakini tukingoja maabara bila kufanya kitu, itatukuta tumeisha. Na tukiua kila kitu bila kufikiri, tutakuwa tumefanya kazi ya ugonjwa sisi wenyewe."

"Dume," Mutama alisema. "Tuanzie kwa dume."

"Tutafika kwa dume. Kwanza niambieni njia zote."

Alichuchumaa, akaokota kokwa za michikichi zilizotapakaa pale uwanjani. Alisema kila njia ambayo ugonjwa ungeweza kupita tutaiwekea kokwa. Njia rahisi, kokwa nyingi. Njia ngumu, kokwa moja. Halafu pembeni yake tutaweka kokwa nyingine, za kuonyesha hasara itakuwa kubwa kiasi gani ugonjwa ukipita hapo. "Mutu akiogopa, anaangalia kile anachokiona," alisema. "Mi nataka tuangalie na kile tusichokiona."

Akauliza kuhusu ndoo ya Gatumba. Jirani wa chini alijibu akilia. Dogiteri hakumkaripia, aliweka kokwa nyingi, akaendelea. Akauliza viatu. Akauliza nani anaazima sepetu ya nani. Kisha akaniangalia mimi.

"We ndiye mwenye kutembeza dume?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mara ya mwisho aliingia kwa huyu mama wa chini lini?"

Watu wote walinigeukia. Nilitaka mama anijibie, lakini mama hakujua kama mimi.

"Wakati jike alishika mimba," nilisema.

"Sema kwa nguvu, mwana wangu."

"Wakati alishika ile mimba. Kisha apana tena."

Dogiteri alihesabu kwa vidole. Jike alikuwa karibu kuzaa, maana yake ilikuwa miezi iliyopita. Akaweka kokwa moja tu. Nikaanza kupumua.

"Na tangu siku ya kuchinja, dume ameingia wapi?"

Hapo nilijua nikijibu, nitakuwa nimemrudisha dume kwenye shimo. Lakini watu walikuwa wamemwona. Na macho ya dogiteri hayakuwa ya kunitega, yalikuwa ya mtu anayetaka kujua.

"Hapa," nilisema. "Kwa Mutama. Kesho yake ya kuchinja."

"Munasikia!" Mutama alisimama. "Ameniletea ndani ya nyumba yangu!"

"Kaa, Mutama. Bado." Dogiteri alikuwa ameshika kokwa mkononi, hazijawekwa popote. "Ile nyama, nani hakuchukua?"

Wote walikuwa wamechukua.

"Kuipika si tatizo, na mutu hagonjwi. Nauliza kitu kingine. Mulipoiosha, maji mulimwanga wapi?"

Niliwaona wanawake wakitazamana, kwanza mmoja, kisha mwingine. Kwetu maji ya kuoshea nyama hayamwagwi ovyo. Yana damu, yana vipande vya mafuta, ni chakula. Yanawekwa kwenye ndoo pamoja na maganda ya viazi na pumba, na asubuhi anapewa nguruwe. Kila mwanamke pale alijua hivyo tangu utoto, na mwanamke anayeyamwaga barabarani anaitwa mvivu.

"Mu ndoo," mke wa Mutama alisema polepole. Alikuwa ameketi nyuma, mkono umefunika mdomo. "Mi nilimwanga mu ndoo ya nguruwe."

Mutama alimgeukia. Akakaa chini.

Dogiteri aliziweka kokwa alizokuwa ameshika, zote, mbele ya miguu ya Mutama. Hakuonyesha furaha ya mtu aliyegundua. Alionekana mchovu. Nyumba moja moja akauliza, na nyumba moja moja ikajibu. Alipofika kwa mama yangu nilifumba macho.

"Nilimwanga kwa migomba," mama alisema.

"Eeh!" mtu alicheka upande wa nyuma. "Leo kila mutu iko na migomba!"

"Mi nina kifua. Sikuweza kuinama kwa banda jioni ile. Nilifungua mulango, nikamwanga hapo hapo."

Dogiteri alimtazama mama kwa muda. Nilijua anapima, na kwamba kokwa zetu zinategemea neno la mama peke yake. Hatimaye aliweka mbili.

"Sasa dume," alisema. "Nyumbani kwake pengine hakupata. Lakini aliingia hapa kesho yake, banda hili lilikuwa limepewa yale maji. Nafasi kwamba ameambukizwa ni ndogo, kwa sababu majike ya Mutama yalikuwa bado mazima. Ndogo, lakini iko. Na hasara?" Akaanza kumwaga kokwa upande wa pili, nyingi, mpaka zikawa kilima kidogo. "Akiwa nao na akiendelea kutembea, atapeleka kila mahali. Kitu kidogo ukikizidisha kwa kitu kikubwa, si kidogo tena."

"Basi auawe," kijana mmoja wa Mutama alisema, lakini safari hii bila nguvu.

"Anaweza kuuawa. Ama nafasi yenyewe inaweza kupunguzwa." Akanigeukia. "Banda lenu linamushika?"

Kila mtu alicheka isipokuwa mimi na mama. Kartie nzima ilijua kwamba halimshiki.

"Kesho jioni nitapita," dogiteri alisema. "Nikikuta banda linalomushika, akae ndani, hakuna mutu mwingine anaingia, hakuna chakula cha nje, na akibadilika hata kidogo unanipigia. Nikikuta banda la leo, atauawa na mi nitasimama hapo. Sitaki kukudanganya."

Usiku ulikuwa haujaingia nilipofika kwa fundi wa kuchomelea pale chini karibu na barabara kubwa. Alikuwa Muislamu, familia yao ni ya watu wa zamani wa mji huu, na niliona haya mara mbili: haya yangu ya kila siku, na haya ya kumwambia mtu kama yeye habari za nguruwe. Nilizunguka maneno mpaka akachoka.

"Sema, kijana. Ni mulango wa nini?"

"Wa nguruwe."

Alicheka. "Astaghfirullah. Mi na nguruwe yako hatuongei. Lakini mi na mulango tunaongea tangu zamani. Leta vipimo."

Akatoa mabati mazito ya pipa lililopasuliwa na vyuma vya dirisha la zamani. Nilimwachia baiskeli ya baba. Kesho yake tangu alfajiri mimi na mama tulichimba, tukasimamisha nguzo, tukapigilia mabati kuzunguka banda lote, tukafunga mlango wa chuma. Dume alituangalia akitafuna majani ya viazi vitamu. Dogiteri alipokuja alisukuma mlango kwa bega lake, akasukuma tena kwa mguu. Akatikisa kichwa kukubali. Aliniandikia namba ya simu kwenye kiganja kwa kalamu, akasema nisiioshe kabla sijainakili.

Ndipo kungoja kukaanza. Sijui namna ya kuieleza isipokuwa kusema kwamba kila asubuhi niliamka nikasikiliza kabla sijafungua macho. Nikisikia dume anakoroma na kugonga ndoo, nilimshukuru Mungu. Mimi peke yangu niliingia, kwa viatu ambavyo havikutoka nje ya banda. Watu waliacha kupita mbele ya nyumba yetu. Mama akisalimia, waliitikia kutoka mbali.

Wiki iliyofuata banda la Mutama likaanza kuugua. Tulisikia habari kutoka kwa mke wake: jike wa kwanza, kisha wale wawili wa pembeni, kisha wote. Dogiteri aliwaua waliobaki hai ili ugonjwa usisambae zaidi, na maabara ikawa imeshathibitisha jina. Upepo ulileta harufu ya chokaa. Kwa kila nguruwe aliyekufa kule juu niliona nafasi ile "ndogo" ikivimba, maana dume wetu alikuwa amesimama ndani ya banda lile lile.

Asubuhi moja sikusikia ndoo.

Dume alikuwa amelala ubavu. Nilimwita, akafungua jicho moja. Pumba za jana zilikuwa vile vile. Nilimgusa nyuma ya sikio, kulikuwa na moto. Nikayageuza masikio yake kwenye mwanga, nikitafuta rangi ya zambarau, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoiona na kutoiona.

Mama alikuwa amesimama nje ya mabati. "Iko namna gani?"

"Hajala."

"Ni joto. Leo Buja inawaka."

"Ana homa, mama."

Alisogea hadi kwenye mabati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tungoje mpaka jioni. Pengine atasimama. Ukipiga simu, wanamuua."

Sijawahi kumkatalia mama. Na kupiga simu kwa mtu mkubwa kulinitisha karibu sawa na kufiwa na dume. Lakini niliona tena kile kilima cha kokwa. Chini yetu kulikuwa na nyumba tatu ambazo hazikuwa zimepata ugonjwa, na mfereji wa maji machafu unapita kwetu kwanza. Nilibonyeza namba. Dogiteri alipoitikia nilisahau hata kusalimu.

"Amelala," nilisema. "Dume. Amelala."

Habari ilifika kabla yake. Alipokuja na pikipiki yake, vijana walikuwa wameshasimama barabarani na miti mikononi. Dogiteri hakuwatazama. Alivaa, akaingia, akampima joto, akamwangalia masikio, tumbo, macho. Kisha akainua mguu wa nyuma wa kushoto, akaubonyeza kidogo. Dume akapiga kelele iliyofika mtoni.

"Njoo uone."

Juu ya kwato palikuwa pamevimba, na katikati kulikuwa na tundu lenye usaha. Alikuwa amepiga mateke mlango wa chuma mpaka ncha ya bati ikamchoma.

"Kwa hiyo ni kidonda?" niliuliza.

"Ni kidonda. Kama ni kidonda peke yake, sijui." Alivuta damu. "Kabla ya kuona kidonda nilikuwa karibu kusema auawe. Sasa nafasi imepungua, lakini haijaisha. Kila kitu kibaki kama kilivyo mpaka maabara iseme."

Alikwenda kuwaambia vijana wa barabarani warudi nyumbani. Mmoja alibishana naye. Sikusikia alichomjibu, lakini waliondoka, na waliacha miti yao mbele ya nyumba yetu, imelazwa, ili tujue wataikuta wapi.

Nilimwosha dume mguu kwa maji ya chumvi, nikampa dawa aliyoiacha dogiteri, nikakaa naye. Alianza kula kabla majibu hayajaja, kidogo kidogo, kutoka mkononi mwangu. Hilo halikunitosha, nilikuwa nimejifunza kwamba macho yangu si kipimo. Simu ilipolia nilimpa mama aipokee. Alisikiliza, akasema "Eeh," akasema "Eeh" tena, kisha akakaa chini kwenye udongo akaweka simu mapajani.

"Hana," alisema.

Tuliichoma ile miti chini ya sufuria.

Lakini dogiteri hakufungua kartie. Alisema mpaka mabanda yaliyokufiwa yakae matupu, yaoshwe, na muda upite bila nguruwe hata mmoja kuugua, dume asitembee. Tuliuza sahani za mama, tukauza redio.

Muda huo ulikuwa haujaisha Mutama aliposhuka asubuhi moja na jike mchanga amemfunga kamba. Alikuwa amekonda. Alisema amempata kwa shemeji yake, na kwamba analia tangu jana.

"Fungua mulango," alisema. "Safari hii utapata watoto wawili wa kuchagua."

Dume alikuwa ameshasikia harufu. Mabati yalianza kutetemeka.

"Ametoka wapi?" niliuliza.

"Nimekuambia, kwa shemeji."

"Shemeji anakaa wapi?"

Alizungusha kamba mkononi. "Upande wa Gatumba. Lakini ni muzima, muangalie! Anakula kama mwenye njaa."

"Bado, Mutama."

"Bado nini? Mama yako anakula nini siku hizi? Mi nakuletea riziki mulangoni, na weye ambaye hukuwa na mudomo unanijibu bado?"

"Umurudishe kabla hajafika kwa watu wengine. Ama umufunge peke yake, umuite dogiteri."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mtu mwingine. Akatema mate pembeni, akavuta kamba, wakapanda. Nilimfuata kwa macho mpaka nikaona anaingia kwake na si kwingine, kisha nikabonyeza ile namba.

Mama alikuwa akimenya mihogo jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Alisema wawili?"

"Wawili."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Imebaki hii mihogo tu," alisema, na kunisogezea bakuli.